Soko ni ya wote: Corona isiwe sababu ya kumuacha mwenye ulemavu inje



Juma iliyopita mumoja wetu alienda kununua bunga, maharagi na mafuta. Anatembea kwa kigari cha magurudumu matatu tangu polio ilimukamata utotoni. Kwenye mulango wa soko, ndoo ya kunawa mikono ilikuwa juu ya meza, robine hakuifikia. Akaita kijana mwenye anamusukuma ili amusaidie. Mulinzi akamukatalia yule kijana: «Wewe rudi nyuma, ni metri moja kati ya mutu na mutu!» Sasa nani atasukuma? Kwenye mawe ya volkano, kigari haipandi yenyewe. Alibaki pale kwenye jua, watu wanamupita, mpaka mama mumoja muuzaji akamuletea bunga. Aliomba kilo tano, alipata mbili, na bei ilikuwa imeshapanda njiani.

Hatusemi hii ili mumuonee huruma. Tunasema juu tangu hali ya dharura ilipotangazwa tarehe 24 mwezi wa tatu, masharti yote tunayosikia yanaonekana yaliandikwa kwa mutu mwenye miguu mizima, macho mazima, masikio mazima, na pesa ya kununua chakula cha juma nzima mara moja. Huyo mutu, hapa kwetu, ni wa kutafutwa na tochi.

«Usiguse vitu.» Mwenye haoni atachagua nyanya na nini kama si vidole? «Vaa maski.» Sawa, tunavaa. Lakini kiziwi anasoma bei kwenye midomo ya muuzaji. «Kaa mbali na mwenzako.» Kipofu anashika bega ya mutoto wake. «Baki nyumbani.» Nyumbani hamuna frigo, na mwenye ametafuta leo njo anakula leo.

Tena tukumbuke mupaka. Kila mutu wa Goma anajua kama watu wengi wenye ulemavu walikuwa wanajitafutia kwenye Petite Barrière, vigari vyao vikibeba mizigo kati ya Gisenyi na hapa. Tangu mupaka ufungwe mwezi wa tatu, malori ya bidhaa yanapita, kigari haipiti. Kwa hiyo mutu yuleyule anapoteza mara mbili. Kazi yenye ilimupa pesa ya soko imekufa, na soko yenyewe inamulipisha zaidi: alipe musukumaji, alipe na mutoto wa kuingia ndani kumununulia. Na mwenye ametumwa hachagui kama mwenyewe. Pesa inaisha mbele chakula hakijafika chunguni.

Kuna wenye watasema: ugonjwa ni wa kweli, masharti lazima yawe makali. Na sisi tunasema ni wa kweli. Muji wetu ulipitia Ebola mwaka jana, kunawa mikono tulishajifunza. Lakini ndoo yenye mutu hafikii haimukingi yeye, na haimukingi mwenye atapokea noti yake. Virusi haiulizi kama wewe ni mulemavu ao hapana.

Na si sadaka tunaomba. Katiba yetu, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua za pekee za ulinzi. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na Mukataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na kifungu cha 11 kinaagiza serikali iwalinde wakati wa hatari. Karatasi tuko nazo. Ndoo ya chini njo hatuna.

Kwa hiyo tunadai kwa viongozi wa muji na wakubwa wa masoko:

– Kila mulango wa soko uwe na ndoo moja yenye mutu aliyekaa anaweza kufikia.
– Musindikizaji asitengwe na mwenye anamusindikiza. Wahesabiwe kama mutu mumoja.
– Saa ya kwanza ya asubui iwe ya wenye ulemavu na wazee.
– Bei ziandikwe kwenye kartoni, na meza zisizibe njia ya kigari.
– Wenye vigari wa mupakani wapangiwe namna ya kupitisha mizigo, kama vile malori yalipangiwa. Na wakati wa kupanga, vyama vyao viwe ndani ya kikao.

Na sisi vijana? Kesho, mbele ya kwenda sokoni, gonga kwa jirani yako mwenye ulemavu. Usimuambie «masikini, nikusaidie nini?» Muulize: «Tunaenda pamoja?» Sukuma kigari, bei atapatana mwenyewe. Na kama mulinzi anawarudisha, hakuna matusi, hakuna ngumi. Mubaki pale kwa amani, mumuite mukubwa wa soko, mpaka jirani yako aingie na anunue.

Goma, mwezi wa sita 2020