Kipya Kinyemi? Tarakilishi za Nyumbani Kisii na Nyamira

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ijapo kidonda. Hao hao walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye tarakilishi ya nyumbani Kisii au Nyamira amesimama baina ya methali hizo mbili tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10.

Wapo wanaodai kuwa hapana haja ya kubadili chochote maadamu mashine inawaka. Hoja hiyo ina kasoro. Mfumo usiorekebishwa huendelea kufanya kazi, ila kila udhaifu mpya unaogunduliwa hubaki mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Katika boma ambamo tarakilishi moja hutunza tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za majani chai na picha za ukoo, hasara yake si haba.

Wapo pia wanaohimiza kila mtu ahamie Windows 11 mara moja. Hawa nao husahau kwamba mfumo huo hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa mashine za Intel, aghalabu hukubaliwa zile za kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017, na za baadaye. Anayenunua tarakilishi ya mtumba hana budi kuuliza hayo kabla ya kutoa fedha.

Ikiwa mashine inakidhi masharti, ibadilishwe, lakini kwa wakati ufaao. Juma la kuwasilisha tasnifu si wakati wake. Wala si jioni ya radi na mvua, umeme unapoweza kukatika kazi ikiwa nusu. Likizo inafaa zaidi, baada ya nakala za kazi zote kuhifadhiwa kwenye diski ya nje.

Ikiwa haikidhi, isitupwe. Linux hupatikana bila malipo na huendesha mashine nyingi kuukuu. Wanagenzi wa Kiswahili wasiione programu huria kuwa ngeni: mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Basi ufa na uzibwe, ila fundi aupime ukuta kwanza.