Mtoto mnene si lazima awe mzima: ini lake lipimwe

Huku Kivu, mtoto akinenepa watu wanampongeza mama yake. Baada ya miaka ya vita na kukimbia, mashavu yaliyojaa yanaonekana kama ushindi. Lakini mafuta yanaweza kujaa ndani ya ini pia, na ini halilalamiki. Mtoto anacheza, anasoma, hana homa. Miaka inapita, ini linaumia, kisha linaanza kuwa na makovu.

Wapo wanaosema kwamba katika inchi yenye njaa, kuzungumzia unene ni kuwadharau wahami. Hapana. Utepe wa mkononi, unaotafuta watoto wadogo walio chini ya sentimeta 11.5, lazima uendelee. Lakini njaa ya mtoto mmoja haiponyi ini la mwingine. Familia iliyopoteza shamba inakula inachonunua, na soda na biskuti ziko kila kona ya mji.

Kuna kipimo cha damu kinachoitwa ALT. Maabara nyingi huandika GPT. Tangu 2017, mwongozo wa waganga wa watoto wa Amerika ya Kaskazini unashauri kipimo hicho kwa watoto wenye unene wa kupindukia, kuanzia miaka 9 hadi 11. Kiwango cha msichana kisizidi 22, cha mvulana kisizidi 26. Lakini karatasi ya maabara mara nyingi huonyesha kiwango cha watu wazima, karibu 40. Hivyo msichana mwenye 38 anarudishwa nyumbani na neno moja: kawaida. Hiyo si kawaida ya mtoto!

Watafiti wanachanganya ALT na mafuta ya damu, sukari na insulini ili kutabiri ugonjwa huu vizuri zaidi. Waendelee, lakini hiyo si sababu ya kukaa bure. Ni kweli ALT peke yake haitoshi: inaweza kupandishwa na homa ya ini ya B au dawa, na inaweza kuwa chini huku ini lina mafuta. Basi irudiwe, na muganga atafute chanzo.

Wakubwa wa vituo vya afya waweke viwango vya watoto kwenye karatasi. Wazazi waulize namba, wasikubali neno tu. Na wauzaji wa chai ya "kusafisha ini" wawaache watoto. Tiba ya kwanza ni kuacha vinywaji vya sukari, kula chakula kilichopikwa nyumbani, na kumwacha mtoto acheze mpira.