Serikali, Silaha za Raia na Wakati wa Maafa: Mafunzo ya New Orleans

Kila kimbunga kikubwa kinapokaribia Marekani, mjadala wa zamani hufufuka: je, serikali ina haki ya kuwanyang'anya raia silaha zao wakati wa maafa? Sisi wa visiwani twaweza kuona hili halituhusu, kwani kwetu nyumba yenye bunduki ni ya kuhesabu. Lakini ndani yake mna suala linalomgusa kila mtu: mamlaka ya serikali yanafika wapi pale watu wamo katika shida na hakuna wa kumlalamikia?

Tuliangalie tukio lenyewe. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipiga pwani ya kusini ya Marekani. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikafunikwa na mafuriko. Umeme ukakatika, simu hazikufanya kazi, na baadhi ya askari wakaacha kazi zao. Maduka yakavunjwa, wengine walitafuta chakula na maji, wengine walipora. Waliobaki majumbani hawakuwa na polisi wa kumwita, na baadhi yao wakategemea bunduki walizozimiliki kihalali.

Mapema Septemba, mkuu wa polisi wa mji, Eddie Compass, alitangaza kuwa hakuna atakayeruhusiwa kuwa na silaha isipokuwa vyombo vya dola. Sheria ya jimbo la Louisiana wakati huo iliwapa wakuu wa usalama nafasi ya kudhibiti silaha katika hali ya dharura. Askari wakaingia majumbani na kuzichukua. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na chakula na maji ya kumtosha na hakutaka kuhama, aliangushwa chini na askari ndani ya nyumba yake baada ya kuwaonyesha bastola yake ya zamani. Kamera za televisheni zilikuwepo.

Lakini walinzi wa makampuni binafsi, waliokodiwa na matajiri na wafanyabiashara, waliendelea kutembea na bunduki zao. Hapo ndipo amri ilipopoteza uzito wake. Ikiwa silaha ni hatari kwa usalama wa mji, vipi iwe hatari mikononi mwa maskini tu?

Vyama vya wamiliki wa silaha vilikwenda mahakama ya shirikisho, na kabla ya Septemba kumalizika jaji akaamuru zoezi lisimamishwe na silaha zirudishwe. Wakuu wa mji walikana kwanza kuwa wanazo. Mwaka 2006 wakakiri kuwa zaidi ya 1,000 zimo ghalani. Wengi walionyang'anywa hawakupewa hata stakabadhi. Walipozifuata walitakiwa kuthibitisha umiliki, ilhali karatasi zao zilikwenda na maji. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2008, na nyingi ya silaha hizo zilikwisha shika kutu.

Uadilifu unatutaka tutazame na upande wa pili. Hoja ya serikali haikuwa ya kupuuzwa: waokoaji walihofia kupigwa risasi, na mji uliojaa watu wenye hofu na bunduki ni mji wa hatari. Katika mtaa wa Algiers Point, baadhi ya wakaazi weupe walijipa kazi ya ulinzi wakawapiga risasi watu weusi waliokuwa wakipita. Kwa hiyo bunduki ya raia si ngao ya mnyonge kila mara. Wakati mwengine ndiyo inayomdhulumu.

Wala bunduki ya dola si salama kwa kuwa tu imevaa sare. Tarehe 4 Septemba, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwafyatulia risasi raia wasiokuwa na silaha, wakaua wawili na kujeruhi wanne. Maafisa watano walikiri makosa yanayohusiana na tukio hilo mwaka 2016. Na Mwislamu mmoja mwenye asili ya Syria, aliyekuwa akiwasaidia majirani kwa mtumbwi wake, alikamatwa akashukiwa ugaidi, akafungiwa kwenye kituo cha mabasi kilichogeuzwa jela. Alizuiliwa wiki kama tatu.

Uvumi nao ulichangia sana. Habari za mauaji ya wengi ndani ya uwanja wa Superdome zilienea, na viongozi wenyewe wakazirudia. Baadaye nyingi zilionekana hazina ukweli. Mafunzo ya Suratul Hujuraat kuhusu kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua yana mahali pake hapa.

Oktoba 2006, sheria ya shirikisho ilikataza kunyang'anya silaha zinazomilikiwa kihalali wakati wa maafa. Hata hivyo, mtu anaweza kutakiwa kuikabidhi silaha yake anapopanda chombo cha uokoaji, kwa sharti arudishiwe safari inapomalizika. Tunaona hapo ndipo penye mizani. Ndio maana ya kanuni ya wanachuoni wetu kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake, na kwamba anayoyafanya mtawala juu ya raia lazima yafuate maslahi yao. Kumtaka mtu akabidhi bastola kabla ya kupanda boti iliyojaa watoto ni maslahi. Kumwendea nyumbani, asiyemdhuru mtu, na kumwacha mikono mitupu pasipo mlinzi, ni kumwongezea msiba juu ya msiba.

Kwetu, Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 32, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, maafa yakiwemo. Siku kama hiyo ikifika, huenda kisichukuliwe bunduki bali chombo cha uvuvi, gari, ghala au nyumba. Kutii ni wajibu katika mema, na kuuliza kwa adabu si uasi: amri imeandikwa? Inamhusu kila mtu? Mali imeandikishwa kwa jina la mwenyewe? Itarudi lini? Familia nazo ziweke nakala za hati zao mahali pasipofikiwa na maji, kwani haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuidai.

Wallaahu a'lam.