Triathloni: mtihani wa Igalula ni maji, si baiskeli

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Tabora

USHINDI wa Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, Septemba 2025, ulioipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, uliikumbusha nchi kwamba pumzi na miguu si vitu tunavyovikosa. Je, mwananchi wa kawaida, anayetafuta afya wala si medali, anaweza kuthubutu mchezo mgumu zaidi kama triathloni?

Mchezo huo, ulioingia katika Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, humtaka mshiriki aogelee, aendeshe baiskeli kisha akimbie, bila mapumziko katikati. Umbali wa Olimpiki ni kilometa 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Anayeanza hushauriwa nusu yake, yaani mita 750, kilometa 20 na kilometa tano.

Wala si mchezo wa mbali tena. Agosti 2022, mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, uliandaa mashindano ya Ironman 70.3, ambayo washiriki wake huogelea kilometa 1.9, huendesha baiskeli kilometa 90 na kukimbia kilometa 21.1.

Tuupime basi mchezo huu kwa kipimo cha Igalula, wilayani Uyui. Kwa upande wa miguu, historia yatosha kuwa shahidi. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Tabora na Bagamoyo wakiwa na mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja, hadi Reli ya Kati, ipitayo Igalula, ilipofika Tabora mwaka 1912.

Baiskeli nayo si ngeni. Ndiyo ibebayo mkaa, maji na magunia vijijini. Anayeiendesha kila siku kwenye mchanga, na mzigo nyuma, tayari ana sehemu kubwa ya mazoezi. Anachohitaji ni breki za uhakika, kofia ngumu, na mazoea ya kukimbia mara tu anaposhuka, wakati mapaja yamekuwa mazito kama magogo.

Tatizo ni maji. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Malambo ya vijijini yana hatari ya kichocho, ambacho vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini na kumwingia mtu kupitia ngozi. Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji wa Tabora, ni chanzo cha maji ya kunywa, si uwanja wa mazoezi. Kinachobaki ni bwawa la kuogelea la mjini, lenye gharama ya nauli na kiingilio.

Hata hivyo, gharama hiyo isihesabiwe kuwa anasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Nasi tunakumbuka kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220. Mtu wa bara naye husafiri majini.

Hivyo basi, anayejiandaa kwa triathloni ya kwanza asianze kwa kununua baiskeli ya bei mbaya. Aanze kwa mwalimu wa kuogelea, katika maji ya kina kifupi, walau mara mbili kwa wiki kwa miezi kadhaa: kwanza kutoa pumzi uso ukiwa majini, kisha kuelea, ndipo umbali ufuate. Asiingie majini peke yake kamwe.

Halmashauri na shule nazo zina wajibu. Kijana wa Igalula akifundishwa kuogelea, huenda asifike Rubavu, lakini siku chombo kitakapoyumba, atakuwa na nafasi ya kufika ufukweni.