Wenzangu wa kompyuta, acheni kuizika keshi ikiwa hai

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu. Nimechoka kusikia waandishi wa programu wakitabiri kwamba pesa za karatasi zinakufa kesho kutwa, na kwamba anayezishika mkononi ni mshamba. Jana ilikuwa kadi, leo simu, kesho sijui watataka tulipe kwa uso.

Mimi naandika programu za maduka, ndiyo kazi inayonilisha, na karibu zote zinapokea malipo ya simu. Kwa hiyo msiniambie naogopa teknolojia. Ninachosema ni hiki: kwa manunuzi madogo ya kila siku, huku kwetu Migori na Homa Bay, keshi bado ndiyo chombo bora. Sisi wapenda simu tunapoisukuma kando, gharama ya mapenzi yetu wanalipa watu wenye kipato kidogo kuliko wote.

Kwanza tuimalize kadi

Kadi haina mengi, tuimalize haraka. Huko Marekani watu wamebishana juu ya kadi na keshi tangu Diners Club ilipoanza New York mwaka 1950, na BankAmericard, ambayo leo tunaiita Visa, ilipofuata California mwaka 1958. Ni ubishi wa kwao. Chukua kadi yako ya Visa uende nayo soko la Oyugis, la Rongo au la Sori, ukanunue nyanya. Mama ataigeuza huku na huku, aisifie rangi, kisha akurudishie kwa heshima zote. Kadi ina kazi yake: kutoa pesa kwenye mashine ya benki, supamaketi za mjini, kununua vitu kwenye intaneti. Basi.

Na si huku mashambani tu. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay kwa abiria wa matatu Nairobi. Mwaka 2014 serikali ikaamuru matatu ziache kupokea keshi kabisa. Tarehe ikawekwa, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Makanga yupo mpaka leo, na noti zake amezikunja katikati ya vidole vilevile.

Kadi ya mkopo ya huku tunayo, tena ya zamani kuliko Visa. Ni daftari la duka. Unachukua sukari leo, jina lako linaandikwa, unalipa miwa ikilipwa au samaki akipatikana. Kiwango cha mkopo wako anakijua mwenye duka, kwa kuwa anakujua wewe, baba yako na ng'ombe zako. Daftari halikudai kila usiku unapolala. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, inakudai. Ni kweli ada zake zilipunguzwa mwaka 2022 na mikopo midogo ikapewa siku tatu za mwanzo bila ada ya kila siku, lakini ukipita hapo saa inaanza kuhesabu.

Hesabu ya gorogoro la omena

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe: keshi na simu.

Nianze kwa kutoa haki. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitutendea jambo kubwa. Kijana aliyeko Nairobi anamtumia mamake aliyeko Mfangano pesa kwa dakika moja, tena kwa simu ya mulika mwizi isiyo na intaneti. Mfanyabiashara wa samaki halazimiki kusafiri usiku na maelfu ya shilingi amezifunga kiunoni. Anayetaka turudi nyuma ya 2007 simjui, na mimi simo.

Lakini kutuma pesa mbali ni kazi moja, na kununua omena asubuhi ni kazi nyingine. Tufanye hesabu pamoja, kwa bei za M-Pesa zilizotangazwa Julai 2023.

Tuseme umenunua omena ya shilingi 200. Unamtumia mama kwenye namba yake ya simu: umelipa shilingi 7. Mama anataka noti mkononi ili amlipe mwenye mtumbwi. Anakwenda kwa wakala kutoa hizo 200: amekatwa shilingi 29. Jumla shilingi 36 zimeliwa katika biashara ya shilingi 200. Hiyo ni asilimia 18!

Sasa linganisha. Mwaka 2015 Muungano wa Ulaya ulitunga sheria kwamba ile sehemu ya ada inayokwenda kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo isizidi asilimia 0.3 ya malipo. Wazungu walikaa bungeni kugombania nukta tatu, na mama wa omena anachangia asilimia kumi na nane bila mtu kupiga meza.

Najua mtanijibu vipi, maana mimi pia ningejibu hivyo. Mtasema: asitoe 200, asubiri zifike 2,000, kwa sababu kutoa 2,000 pia ni shilingi 29, na hapo ada inashuka chini ya asilimia moja na nusu. Sawa. Lakini anayeweza kusubiri ni mwenye akiba. Mama huyu anamlipa mwenye mtumbwi asubuhi hii hii, na jioni anapika. Bei iliyopangwa hivi inamtoza zaidi asiye na kitu.

Mtasema tena: asipokee kwa namba yake, achukue tili ya Lipa na M-Pesa, ambapo mnunuzi halipi na malipo madogo hayamkati muuzaji. Ushauri mzuri, na wateja wangu wote wenye maduka nimewapa. Lakini pesa iliyo kwenye tili bado haijawa unga. Lazima itoke kwenda kwa mtu mwingine, na njia ya kutokea ina mlango wenye mtoza ushuru.

Na hapa ndipo penye siri kubwa ya keshi, ambayo wenzangu hawaioni. Noti ya shilingi 200 ikitoka kwako kwenda kwa mama wa omena, kwake kwenda kwa mwenye mtumbwi, kwa fundi wa nyavu, kwa muuza chapati, kwa bodaboda, ikapita mikono kumi, bado ni shilingi 200. Shilingi 200 za simu zikitumwa mara kumi kutoka mtu hadi mtu zimeacha shilingi 70 njiani. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Swali ni kibaba cha nani.

Serikali nayo ipo mezani

Katika kila ada kuna ushuru wa bidhaa. Ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 10 ya ada, mwaka 2018 ukapanda hadi 12, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaufikisha 15. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka uwe 20, pendekezo likaanguka katika vuguvugu la mwezi Juni mwaka huo. Noti inayotoka mkono hadi mkono haina mtozaji, na labda hiyo ndiyo sababu ina maadui wengi ofisini.

Wala msiniambie ada ni lazima mitambo iendeshwe. Machi 2020, korona ilipoingia, Safaricom pamoja na Benki Kuu waliondoa ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na ikakaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Mitambo haikuzimika. Mwaka uliofuata ada ikarudi, ila ya kutuma hadi shilingi 100, ambayo ilibaki bure. Kule Brazili, benki kuu yao ilianzisha Pix Novemba 2020, na mtu wa kawaida anatuma bila kulipa chochote. Kwa hiyo tusidanganyane. Ada kwa malipo madogo ni uamuzi wa watu walioketi mezani, na watu wanaweza kuketi tena.

Mtambo ukilala

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja tunayoihubiri kila siku: usijenge kitu ambacho sehemu moja ikivunjika kila kitu kinasimama. Tunaweka seva mbili, tunahifadhi nakala tatu. Halafu tunataka nchi nzima inunue chakula kwa mtandao bila njia ya pili!

Fikirieni safari ya malipo. Mpaka mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Yaani wewe na muuza ndizi wa Kendu Bay mmesimama hatua moja, lakini pesa inapita Ulaya ndipo imfikie. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya, jambo jema. Hata hivyo bado kuna mlingoti wa simu, umeme, betri yako, salio lako, na programu niliyoandika mimi. Kila kimoja kinaweza kugoma. Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, Novemba ukakatika tena, Desemba tena. Julai mwaka huohuo eCitizen ilishambuliwa, huduma za serikali zikakwama.

Na wakubwa pia wamelia. Julai 2022 mtandao wa kampuni ya Rogers ulizimika Kanada, kadi za benki zikagoma nchi nzima. Aprili 2025 umeme ulipokatika Uhispania na Ureno, aliyekula mchana ule ni aliyekuwa na noti. Uswidi, nchi iliyokuwa ikijisifu kwamba imeiaga keshi, leo serikali yake yenyewe inawashauri wananchi waweke pesa za karatasi nyumbani kwa dharura. Norwe iliimarisha haki ya mnunuzi kulipa kwa keshi kuanzia Oktoba 2024. Hao ndio tunaowaiga, na wenyewe wameanza kugeuza mtumbwi.

Waliosahauliwa kwenye mchoro

Tukichora mfumo ubaoni, mtumiaji wetu huwa ni mtu mwenye simu, laini, kitambulisho na macho mazima. Huku nje kuna wengine. Kuna mtoto wa miaka minane aliyetumwa chumvi na sarafu ya shilingi 20. Kuna bibi ambaye namba yake ya siri anaijua mjukuu, anaijua jirani, anaijua na wakala, kwa sababu hawezi kusoma menyu. Lakini noti ya mia na ya elfu anazitofautisha gizani kwa vidole. Kuna mfanyabiashara wa Isebania ambaye asubuhi anashika shilingi za Kenya na mchana za Tanzania, kwa kuvuka tu kwenda Sirare. Kuna mchimba dhahabu wa Nyatike anayeuza chembe zake palepale kando ya shimo na hataki simu imjulishe kila mtu amepata nini.

Ukiuliza sokoni, "Mama, nikutumie kwa simu?" mara nyingi utajibiwa kwa upole, "Nyathina, nipe tu mkononi." Anayejibu hivyo ameshapiga hesabu yake kabla hujafungua simu.

Nimeona pia katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, mzee amekuja na noti zake kulipia huduma, akaambiwa keshi haipokelewi. Kijana mmoja mlangoni akamlipia kwa simu yake, akachukua noti za mzee na juu yake shilingi 50 za asante. Mfumo uliletwa kuondoa rushwa mezani, ukaihamishia mlangoni.

Keshi ina dhambi zake

Sitaificha. Keshi inaibwa, inalowa ziwani, inachanika. Noti bandia zipo. Chenji ni kilio cha kila siku. Nani hajawahi kupewa peremende badala ya sarafu? Na ushuru wa soko unaokusanywa mkononi unajulikana unapoishia. Ndiyo maana nakubali kaunti zikikusanya mapato yake kwa mtandao. Mtu akilipa karo, akinunua ng'ombe, akinunua shehena ya mbuta, atume kwa simu, na mimi nitamsaidia kubonyeza.

Lakini hakuna mtu aliyelazimishwa kuchagua kimoja akitupe kingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Ninachotaka

Kwanza, ofisi ya umma, hospitali au duka lisimkatalie mtu noti kwa malipo madogo, tuseme chini ya shilingi 1,000. Noti ya Benki Kuu ni fedha halali ya nchi hii. New York waliwakataza wenye maduka kukataa keshi mwaka 2020. Sisi tunashindwa na nini?

Pili, ada ya kutuma kiasi hicho hicho iondolewe, kama ilivyoondolewa mwaka 2020, na ushuru wake uondoke nayo. Na kutoa shilingi 200 kusiwe na bei moja na kutoa 2,000. Simu ikitaka kushindana na noti, na ishindane kwa bei ya noti: bure.

Tatu, na hili ni letu sisi. Ukiandika programu ya duka, kliniki au maegesho, weka kitufe cha KESHI, tena kiwe kikubwa na kiwe cha kwanza. Hakikisha kinafanya kazi mtandao ukiwa umekatika, na mauzo yahifadhiwe mpaka utakaporudi. Mteja wako akisema hakihitajiki, mwombe akae siku moja sokoni Mbita mvua ikinyesha na mlingoti umelala.

Mwenye hesabu tofauti na yangu alete. Lakini alete hesabu, na aanze na shilingi 200.