Mjane na Shamba Lake la Mtama

Watu wa mbali wasikiapo jina la Turkana hufikiri ngamia, mbuzi na jua kali tu. Wachache wajua kwamba kando ya mto Turkwel, upitao Lodwar, na katika mabonde yapatayo maji ya mafuriko, mna mashamba ya mtama, na kwamba wakulima wake ni wanawake. Kwa desturi ya Waturkana mume ndiye mwenye kundi la mifugo, bali mke huwa na kishamba chake, akakilima na kukivuna kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo hili laonekana dogo mpaka siku mume anapofariki. Mjane hubaki katika ukoo wa mumewe, na mara nyingi ndugu za marehemu huisimamia mifugo mpaka watoto wa kiume wakue. Msimamizi akiwa mwema, watoto hunywa maziwa. Akiwa mchoyo, kundi hupungua mbuzi mmoja mmoja. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliiacha mifugo na mashamba ya Turkana yafuate mila endapo mtu amekufa bila wasia. Katiba ya mwaka 2010 yataka mila za ardhi zisimbague mwanamke, walakini katiba haichungi mbuzi.

Tena kuna ukame. Tangu mwishoni mwa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Aliyetegemea kundi peke yake alibaki na fimbo mkononi.

Basi mjane hodari hasimami kwa mguu mmoja. Maji ya mafuriko yapunguapo, hupanda mtama wa kienyeji, ambao hukomaa upesi kabla ardhi haijakauka. Mvua isipokuja, huchuma majani ya mkoma, akayapasua kuwa miyaa, akasuka vikapu na mikeka ya kuuza Lodwar. Matunda ya mti huo nayo huliwa wakati wa njaa. Kadhalika hukata mathenge, mti wa kigeni uliovamia kingo za mito, akachoma makaa. Kwa kazi hiyo moja hupata fedha, husafisha shamba, na huiponya migunga, ambayo majani na maganda yake ni chakula cha mbuzi.

Huko Kakuma, kaskazini-magharibi ya Lodwar, mto Tarach hukaa mkavu siku nyingi za mwaka, na kilimo ni kigumu zaidi. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, wanawake Waturkana huuza kuni, makaa na maziwa kambini, wakilipwa fedha au sehemu ya mgao wa chakula. Soko hilo ni neema, lakini lina hatari yake. Mgao wa wakimbizi umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na kila upunguzwapo, njaa hubisha hodi pia katika nyumba ya mjane aliye nje ya kambi.

Kwa hiyo yapasa mambo mawili yafanywe. La kwanza ni la ukoo: matanga yakiisha, mifugo ya watoto ihesabiwe mbele ya wazee, na kijana ajuaye kusoma aandike hesabu hiyo katika daftari, ili baadaye asiwepo wa kusema hakumbuki. La pili ni la mama mwenyewe, nalo ndilo gumu: sehemu ya mtama ifungwe ndani ya kibuyu iwe mbegu, isiguswe hata watoto wakilia. Kundi laweza kufa, na soko laweza kufungwa, bali mwenye mbegu hungoja mafuriko yajayo akiwa na tumaini. Wahenga walisema, akiba haiozi.