Kadi Imejaa, Tufute Darsa ya Nani?



Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, alifariki mwaka 1931 hapa Bagamoyo, na waliosoma mbele yake wametangulia mbele ya haki. Zama zile kinasa sauti hakikuwa kitu cha kila nyumba. Leo vijana wetu wamegeuza vyumba kuwa studio ndogo za kurekodi darsa, qaswida na qiraa ya wazee. Lakini kadi ikijaa, hufutwa darsa ya mwezi uliopita ili ya leo ipate nafasi. Hilo ndilo linalotushughulisha wiki hii.

Hesabu itangulie duka. Saa moja ya sauti ya njia mbili katika ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 635. Kinasa cha njia nane, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, hula zaidi ya gigabaiti 4 kwa saa njia zote zikifunguliwa, hivyo kadi ya gigabaiti 32 haifikishi saa nane. Kundi la qaswida lina haja ya njia hizo. Mzee anayesomesha peke yake ana mdomo mmoja: mfungulieni njia moja, na kadi ile ile itabeba saa 60. Wapo wanaorekodi moja kwa moja kwa MP3 ili kubana nafasi. Hatuafiki. MP3 ni ya kutumiana kwa simu. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi tena.

Vinasa vingi vya zamani havipokei kadi inayozidi gigabaiti 32, basi someni kijitabu chake kabla ya kutoa fedha. Kadi mpya ifomatiwe ndani ya kinasa chenyewe. Jihadharini pia na kadi za bandia, zilizoandikwa gigabaiti 128 ilhali ndani hamna hata robo yake. Dawa yake ni kuijaza yote kwa mafaili yasiyo na thamani, kisha kuyafungua hadi la mwisho, kabla ya kuiamini kwa sauti ya mtu.

Wenye vinasa vikubwa vya diski inayozunguka hufanya vyema kuibadilisha kwa diski isiyozunguka, kwani mvumo wake husikika chumba kikiwa kimya. Hapa pana hatari kubwa. Baadhi ya mashine hizo huhifadhi kazi kwa mfumo wao wenyewe ambao kompyuta haiusomi. Ni lazima mashine yenyewe iyatoe mafaili kwa WAV, yasikilizwe kwenye kompyuta, ndipo bisibisi iguse kifuniko.

Kisha nakala ya pili, katika nyumba nyingine. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula vyuma vya diski kama inavyokula mabati, na mwizi wa kompyuta hachagui. Kila faili liandikwe jina la msomeshaji, kitabu na tarehe, baada ya kupata idhini yake au ya familia yake.

Kamati yetu imekubaliana kununua diski mbili. Moja itakaa ofisini msikitini. Ya pili tungali tunaitafutia nyumba iliyo mbali na bahari.